Funza Alikuja kwa Merikebu

Hapa Kalundu akipita mtoto mwenye vidole vya miguu vilivyopinda, visivyo na kucha, utasikia watu wakisema: "Ni laana ya ukoo," au, "Ni uchafu wa mama yake." Sisi twawaomba, wasomaji wapenzi, mwulize kwanza habari za funza.

Wazee wetu wa kale hawakumjua. Kwao ni Amerika. Mwaka 1872 merikebu Thomas Mitchell ilitoka Brazili ikatia nanga Ambriz, pwani ya Angola, na funza walikuwa katika mchanga wake. Toka hapo akasafiri bila nauli, miguuni mwa mabaharia, askari na wapagazi, kambi hata kambi. Mapadre Weupe walipofika Ujiji mwaka 1879 alikuwa bado hajafika ziwani. Kabla ya 1900 alikwisha kufika Unguja, hata Bombay ng'ambo ya bahari!

Jike ndiye ajichimbiaye ngozini, hasa kando ya kucha. Huvimba kama punje ya njegere, hutoa mayai yaangukayo vumbini, kisha hufa mumo humo. Wakizidi, kucha hung'oka, vidole hupinda, na mtu hutembea kwa visigino. Tena pepopunda huweza kuingia kwa kidonda kile, nayo huua.

Basi msiwachokoe watoto wote kwa pini moja. Siku hizi yako mafuta ya dimetikoni, yaliyojaribiwa Kenya, yamwuayo funza kwa kumziba pumzi. Kidole kilichokwisha kupinda hayakinyoshi. Mtoto huyo atafutiwe kiatu kipana, akae darasani pamoja na wenzake.