Fuvu la Koobi Fora na Meno ya Nguruwe

Mwaka 1972, kaskazini mwa nchi jirani ya Kenya, Bernard Ngeneo aliona vipande vya mfupa vimetapakaa katika mteremko wa Koobi Fora, mashariki mwa ziwa ambalo leo twaliita Turkana. Vilipounganishwa vilitoa fuvu lililosajiliwa kwa namba 1470, lenye nafasi kubwa ya ubongo kuliko wataalamu walivyotarajia.

Richard Leakey, kiongozi wa msafara, alitangaza kuwa lina umri wa miaka takriban milioni 2.9. Umri huo haukupimwa katika mfupa wenyewe. Fuvu lilikuwa chini ya tabaka la majivu ya volkano, nayo majivu yalikuwa yamepimwa Uingereza, kwa kuangalia potasiamu inavyogeuka kuwa gesi ya agoni, yakapewa miaka milioni 2.6. Kama ni kweli, nasaba ya binadamu ingebidi ichorwe upya.

Pingamizi lililetwa na nguruwe! Basil Cooke alikuwa mjuzi wa nguruwe wa kale, ambao magego yao yalibadilika upesi katika mageuzi, hata yakafaa kuwa kalenda. Nguruwe wa Koobi Fora walifanana na wale wa bonde la Omo, Ethiopia, wenye umri wa takriban miaka milioni 2 tu. Nakiri kwamba hapa ndipo kisa kinaponifurahisha: mnyama asiye na heshima kubwa kwetu pwani anaikosoa maabara.

Watetezi wa umri mkubwa hawakusalimu amri. Walidai kuwa pengine mazingira ya Omo yalikuwa tofauti na ya Koobi Fora. Mwaka 1975 Garniss Curtis, wa Berkeley, Marekani, alipima majivu upya akapata umri mdogo zaidi. Sasa kila upande ulikuwa na tarakimu zake, na ugomvi ukawa mkali.

Kilichoumaliza ni ushahidi wa watu wasiotegemeana. Uchunguzi wa kikemia ulionyesha kuwa majivu ya Koobi Fora na tabaka moja la Omo yalitoka katika mlipuko mmoja. Ian McDougall, huko Australia, alipima madini yaliyoteuliwa kwa uangalifu, maana chembe za miamba ya zamani zilizochanganyika na majivu huongeza umri kwa uongo. Akapata miaka milioni 1.88. Nguruwe, kemia na agoni vikakubaliana, na Leakey naye akaukubali umri huo.

Spishi ya fuvu lenyewe ingali inabishaniwa. Wengi huliita Homo rudolfensis. Wengine huliweka pamoja na Homo habilis.