Kuharakisha mifuatano: kutoka duara hadi vekta

Mfuatano wa namba hukaribia kikomo chake kwa kasi au kwa kusuasua. Kuharakisha mfuatano ni kuzitumia hatua chache zilizokwisha kukokotolewa ili kubashiri kikomo bila kupitia hatua zote zilizobaki.

Mbinu hiyo ilitokana na kutafuta thamani ya pai. Mjapani Seki Takakazu alikokotoa mizingo ya poligoni zenye pande 32,768, 65,536 na 131,072 zilizochorwa ndani ya duara. Kila pande zikizidishwa maradufu, kosa hupungua hadi karibu robo yake. Seki aliutumia upungufu huo wa mpangilio kupata thamani bora kuliko zote tatu. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1712, baada ya kifo chake.

Mwaka 1926 Alexander Aitken, mzaliwa wa New Zealand aliyefanya kazi Edinburgh, alifikia kanuni ileile alipokuwa akishughulikia mizizi ya milinganyo. Kanuni inahitaji namba tatu zinazofuatana. Kwa mfano, pai ni jumla ya 4 − 4/3 + 4/5 na kuendelea, na jumla tatu za mwanzo ni 4, 2.6667 na 3.4667. Tofauti ya kwanza ni −1.3333, ya pili 0.8. Kipeo cha pili cha tofauti ya kwanza, 1.7778, hugawanywa kwa 2.1333, yaani tofauti ya pili ukitoa ya kwanza. Jibu, 0.8333, likitolewa kwenye 4 hubaki 3.1667. Kwa kujumlisha tu, usahihi huo ungehitaji takriban visehemu 40.

Mwaka 1955 Daniel Shanks aliipanua kanuni hiyo itumie namba nyingi zaidi, na mwaka uliofuata Peter Wynn akairahisisha kwa algorithimu ya epsiloni, inayojaza jedwali hatua kwa hatua.

Kufikia wakati huo kompyuta zilikuwa zikitatua mifumo mikubwa ya milinganyo, ambamo kila hatua huzaa vekta nzima, yaani orodha ya namba zinazoitwa vijenzi. Kuharakisha kila kijenzi peke yake hupuuza uhusiano wa vijenzi hivyo, na kigawanyo cha kimojawapo kinaweza kukaribia sifuri. Tatizo lilikuwa kwamba vekta haina ugawanyaji wa kawaida. Mwaka 1962 Wynn alitumia kinyume cha Samelson: vekta hugawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wake. Vekta (3, 4), yenye urefu 5, hupata kinyume (0.12, 0.16).

Wengine waliukwepa ugawanyaji huo. Donald Anderson mwaka 1965, kisha Cabay na Jackson mwaka 1976, walichanganya vekta zilizotangulia kwa uzani ambao jumla yake ni 1, uliochaguliwa ili mabaki, yaani kiasi ambacho milinganyo bado haijatimizwa, yawe madogo iwezekanavyo. Mwaka 1980 Péter Pulay alipeleka wazo la namna hiyo kwenye kemia ya kwanta, na mwaka 2003 watafiti wa Stanford walilitumia kuharakisha ukokotoaji wa PageRank, kipimo cha Google cha umuhimu wa kurasa.

Hata hivyo, mwaka 1980 Delahaye na Germain-Bonne walithibitisha kwamba hakuna mbinu moja inayoweza kuharakisha mifuatano yote inayokaribia kikomo. Anayetaka kuharakisha mfuatano hana budi kujua kwanza kosa lake linapungua kwa mtindo gani.