Kompyuta ya injini hutaja dalili, si kifaa kibovu

Tangu modeli za 1996, magari madogo ya petroli yanayouzwa Marekani hulazimika kuwa na mfumo wa OBD-II, ambao huhifadhi hitilafu za injini kwa nambari. Tundu lake limo pia katika mengi ya magari yaliyotumika yanayoshushwa Mombasa kutoka Japani. Mwenye gari apendaye kujirekebishia huchomeka kisomaji chini ya usukani, akazipata. Hapo ndipo pesa hupotea, kwani nambari hutaja dalili tu.

Chukua P0171: hewa imezidi petroli. Wengi hukimbilia kununua sensa ya oksijeni, ilhali mara nyingi sensa hiyo ndiyo iliyosema kweli. Heri kutazama asilimia ya petroli inayoongezwa na kompyuta. Ikiwa juu gari likinguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha ikashuka linapokanyagwa, yamkini kuna mpira uliopasuka unaopitisha hewa. Ikizidi kupanda, zichunguzwe pampu na chujio la petroli, au sensa ya hewa iliyochafuka. Nambari ziandikwe kabla ya kufutwa, maana kumbukumbu ya hali ya injini wakati wa hitilafu hufutika nazo.

Kubadilisha programu yenyewe ni hatari zaidi. Petroli huungua kikamilifu kwa takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, lakini injini iliyolemewa huhitaji petroli zaidi. Anayeipunguza aweza kuyeyusha pistoni. Nakala ya programu asilia ihifadhiwe kwanza, na betri iwe imejaa: umeme ukikatika programu mpya ikiingizwa, huenda gari lisiwake tena.