Manyoya ya tunutu bandia

Manyoya ya tunutu bandia ni nywele za wanyama zinazosokotwa kwenye uzi uliopakwa nta, kisha uzi huo ukazungushwa kwenye ndoana ili kufanya mwili wa chambo. Chambo hicho huiga tunutu, yaani mdudu wa majini ambaye hajaota mabawa, na hutumika kuvulia hasa samaki aina ya trauti. Uvuvi huu ulipata nguvu Uingereza kupitia mvuvi na mwandishi G. E. M. Skues, aliyechapisha kitabu chake cha kwanza mwaka 1910.

Yanayosifika zaidi, tena kwa haki, ni manyoya ya uso wa sungura-mwitu wa Ulaya. Ngozi moja hutoa aina kadhaa. Ya masikioni ni mafupi, magumu na yenye madoa. Yakiwa peke yake huteleza kwenye uzi, hivyo huchanganywa na sufu ya mashavuni, iliyo laini na inayoshikana. Mwili ukishazungushiwa waya wa rangi ya dhahabu, fundi huchokoa nywele chache za kifua cha chambo kwa ncha ya sindano, zikatokeza kama miguu.

Manyoya ya fuko ni mafupi na laini mno. Yanafaa ndoana ndogo, ingawa mwili wa chambo hutoka laini kupita kiasi, bila vinywele vya kuchezacheza majini. Sufu ya biva au fisi-maji hunasa hewa, kwa hiyo chambo chake hulowekwa na kuminywa kwanza ndipo kizame.