Uchoraji wa Watoto na Usimuliaji kwa Picha: Irente, Usambara

Uchoraji wa watoto ni namna ya kujieleza kwa alama zinazochorwa kwa mkaa, chaki, kalamu au kidole vumbini, na mara nyingi huitangulia lugha ya kutosha kulieleza jambo lenyewe. Picha zikipangwa kwa kufuata matukio, kazi hiyo huwa usimuliaji kwa picha. Irente, jirani na mji wa Lushoto, juu ya genge linalotazama Mazinde na tambarare za chini, mada hii haina budi kuanzia kwenye udongo wa mfinyanzi.

Hans Cory, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1956 sanamu ndogo za udongo zilizotumika katika jando na unyago, zikiwemo za Washambaa na Wazigua: sanamu iliambatana na wimbo wenye fundisho, hivyo mwari alilikumbuka onyo kwa kuiona sura yake. Maana, hata hivyo, ilishikwa na kungwi, ilhali katika uchoraji wa kujieleza msimulizi ni mtoto mwenyewe.

Udongo una uzito wa pekee Irente, kwa kuwa ipo shule ya wasioona ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa aliyewafundisha watoto wasioona mjini Vienna kabla ya kuhamia Marekani, aliona kwamba wanapofinyanga mtu hukikuza kiungo kinachobeba hisia, kama vile mkono unaoomba. Sanaa, basi, si mali ya macho peke yake. Mtoto asiyeona aweza pia kuchora kwa kukandamiza kalamu butu juu ya karatasi iliyotandikwa kwenye kitu laini, ili mstari utune upande wa pili na kusomwa kwa vidole.

Katika kitabu chake cha mwaka 1947, Lowenfeld aliainisha hatua za uchoraji: mistari ya ovyo kati ya miaka 2 na 4, kisha mtu wa kichwa na miguu, na kuanzia miaka 7 hivi mstari wa ardhi unaobeba vitu vyote. Ardhi hiyo ikiwa mteremko, watoto wengi huchora miti na nyumba zikisimama kwa pembe mraba na mteremko wenyewe, kana kwamba zitaanguka. Milimani Usambara mchoro wa namna hiyo utatokea mara kwa mara, na mwalimu anayeufuta ili darasa zima linakili nyumba yake ya ubaoni hupata unadhifu, akaikosa habari ya mtoto.

Kwa usimuliaji, hadithi ya Mbegha inafaa sana: mwindaji wa nguruwe mwitu kutoka Ngulu, aliyewagawia Washambaa nyama, akaua simba, akatawazwa kuwa mfalme huko Vugha. Ikisimuliwa kwanza kwa mdomo, kila mtoto huchagua matukio yake manne na kuyachora, huku mwalimu akiuliza tu, “Ikawaje?” Wasioona waweza kuufinyanga mfuatano huohuo na kuupanga mezani kutoka kushoto kwenda kulia, kama yasomwavyo maandishi ya nukta nundu.