Nyumba, Rika na Dola: Mahangaiko ya Vijana katika Meru na Embu

Msamiati wa afya ya akili bado ni mchanga katika Kiswahili. Kamusi za zamani zina wazimu, kichaa, umajinuni na maneno mengine ya jamii hiyo, na yote humtaja mtu ambaye amekwisha kutengana na wenzake. Jina la hali ya kijana anayekula na kulala kwao, aendaye shuleni au mtoni kama kawaida, ilhali ndani amevunjika, halipatikani kwa urahisi. Upungufu huu si wa lugha peke yake. Waandishi wa historia ya Kenya wamewaandika vijana wa Meru na Embu kama wapiganaji, wanafunzi, vibarua na wahalifu. Ni mara chache wamewaandika kama watoto wa watu. Madhumuni ya makala haya ni kuyatazama upya matukio machache yanayojulikana ya sehemu hizo, na kuonyesha kwamba mahangaiko ya vijana yalifuata mipasuko ya nyumba na ya rika kuliko yalivyofuata kasoro yoyote iliyozaliwa ndani ya vijana wenyewe.

Kabla ya utawala wa Waingereza, ambao ulifika Embu kwa vita mwaka 1906 na Meru mwaka 1908, njia ya kuufikia utu uzima ilikuwa na vituo vilivyojulikana na kila mtu. Huko Meru mvulana asiyetahiriwa, yaani muiji, hakuwa na kauli mbele ya watu. Baada ya jando alihesabiwa miongoni mwa nthaka, akahamia katika gaaru, nyumba ya pamoja ya vijana, akafundishwa na rika lililomtangulia. Kwa msichana, tohara ilikuwa mlango wa ndoa. Yale ambayo mtoto hakuweza kumwambia baba yake aliambiwa babu au bibi, kwa kuwa utani baina ya wajukuu na wazee ulikifungua kinywa kilichofungwa na heshima.

Hapa hapana budi kujihadhari. Wako waliozoea kuyasifu maisha ya kale kana kwamba hayakuwa na machozi. Mpango huo ulikuwa na ukatili wake: muiji alidharauliwa hadharani, msichana alikatwa sehemu ya mwili wake, na aliyeonyesha woga chini ya kisu aliibeba aibu kwa muda mrefu. Jambo linalohusu hoja hii ni jingine. Mateso hayo yalikuwa na mwisho uliojulikana, kijana aliyapitia pamoja na wenzake, na palikuwa na mtu mzima mwenye wajibu wa kumpokea upande wa pili. Vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyoanza kutoweka, na havikutoweka kwa wakati mmoja.

Misheni zilikuja mapema: Waanglikana walikuwa Kigari, Embu, tangu 1910, Wakatoliki wa Consolata waliingia Meru mwaka uliofuata, Wamethodisti wakawa Kaaga mwaka 1912, na Wapresbiteri wa Skotlandi wakafungua kituo cha Chogoria mwaka 1922 chini ya daktari Archibald Irvine. Mwaka 1929 Wapresbiteri waliwataka waumini wao waweke ahadi ya kuikana tohara ya wanawake. Chogoria ilipoteza sehemu kubwa ya wafuasi wake. Wanahistoria wa kanisa huihesabu hasara hiyo kwa idadi ya washirika. Wangeihesabu kwa nyumba, wangeona kwamba msichana aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu aliwekwa katikati ya ahadi ya baba na wajibu wa bibi, naye hakuulizwa na yeyote kati yao.

Serikali nayo ilikuwa na mwendo wake. Mabaraza ya Wenyeji ya Embu na Meru yalipitisha katikati ya miaka ya 1920 masharti ya kuipunguza tohara hiyo. Lakini katika miaka iliyofuata maofisa wa Meru, miongoni mwao H. E. Lambert, walishikwa na hofu nyingine, ya mimba za wasichana wasiotahiriwa, ambazo kwa desturi zilitolewa. Dawa waliyoiona ni kuwatahiri wasichana mapema, kabla ya kubalehe. Kwa hiyo desturi iliyokuwa mlango wa ndoa ikarudishwa nyuma hadi utotoni. Msichana akawa ametoka utotoni kwa jina na bado ni mtoto kwa umri, pasipo mume wala nyumba ya kumpokea. Ni vigumu kuona mahali ambapo dola iliingilia hesabu ya umri wa mtu kwa ndani zaidi ya hapo, na jambo la kushangaza ni kwamba iliingilia kwa nia ya kuokoa.

Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 iliyakuza yote haya. Serikali iliwaunganisha Wakikuyu, Waembu na Wameru kuwa kundi moja la kutiliwa shaka, hata katika makaratasi yake herufi za KEM zikawa kama jina la kabila. Katika msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954 maelfu ya wanaume wa kundi hilo walitiwa kizuizini. Tangu Juni mwaka huo hadi mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kutoka katika miji yao iliyotawanyika, wakasongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa na Walinzi wa Nyumbani.

Mpango huo wa vijiji ulipata uungaji mkono wa elimu ya akili. J. C. Carothers, aliyeisimamia hospitali ya Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, aliombwa na serikali aeleze saikolojia ya Mau Mau, na taarifa yake ikachapishwa Nairobi mwaka 1954. Alidai kwamba Mwafrika aliyetoka katika kabila lake na asifike katika ustaarabu wa kizungu alikuwa ameachwa bila nguzo, na akauunga mkono mpango wa kuwakusanya watu vijijini. Dai la kwanza lina chembe ya kweli. Kosa lake ni kuliweka tatizo katika ubongo wa Mwafrika badala ya kuliweka katika shamba lililochukuliwa na baba aliyefungwa. Tena, kijiji alichokipendekeza kiliondoa kile kidogo kilichokuwa kimebaki. Mama aliyelazimishwa kuchimba handaki mchana na kuwahi amri ya kutotoka usiku hakuwa na saa ya kukaa na binti yake, na bibi aliyepangiwa kibanda kingine hakuwa tena jirani wa mjukuu wake.

Wavulana waliokamatwa walipewa mlezi mpya. Mwaka 1955 kambi ya Wamumu ilifunguliwa katika Mwea, iliyokuwa wakati huo sehemu ya Wilaya ya Embu, kwa ajili ya wafungwa wa Mau Mau ambao hawajafikia umri wa utu uzima. Zaidi ya vijana elfu moja walipita hapo chini ya maofisa kama Geoffrey Griffin, ambaye mwaka 1959 alishiriki kuanzisha Starehe, Nairobi. Walipiga gwaride, wakacheza mpira, wakajifunza kusoma na ufundi, kisha wakatafutiwa kazi. Wamumu imesifiwa sana, na ikilinganishwa na Manyani sifa hiyo si ya bure. Ni vyema hata hivyo kuuliza kwa nini ilifaulu kuwatuliza vijana wengi. Jibu linaelekea kuwa kwamba kambi ilirudisha, kwa mikono ya wageni, vitu vitatu vilivyotajwa juu: rika, muhula wenye mwisho, na mtu mzima anayengoja mlangoni. Gaaru ilikuwa imejengwa upya kwa waya wa seng'enge. Bei yake ilikuwa kuungama kiapo, yaani kumkana baba au kaka aliyekuwa bado kizuizini au msituni.

Wasichana hawakujengewa Wamumu. Aprili 1956 wazee wa Njuri Ncheke, baraza la wanaume watupu, walipiga marufuku tohara ya wanawake katika Meru yote kwa ushawishi wa utawala. Katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400, wanawake, wanaume na wasichana wenyewe, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kuivunja amri hiyo. Mangariba wengi waliogopa kushika kisu. Ndipo wasichana walipokwenda porini na nyembe za dukani, wakakatana wao kwa wao. Jina walilopewa, Ngaitana, linastahili kuchunguzwa na mwanaisimu. Ni kitenzi cha nafsi ya kwanza, wakati ujao, chenye kirejeshi -i- kinacholingana na -ji- ya Kiswahili: nitajitahiri. Katika lugha za sehemu hizo tendo la tohara kwa desturi hutendwa na mwingine. Anayetahiriwa ni mtendwa. Kumfanya mtendwa awe mtenda ni kutangaza kwamba hakuna tena mwingine.

Lynn Thomas, ambaye utafiti wake ndio mpana kuliko wote juu ya jambo hili, ameonyesha kwamba Ngaitana ilikuwa pia mabishano ya vizazi na jinsia kuhusu nani ana mamlaka ya kumfanya mwanamke. Hoja yake ni ya kukubalika. Inayohitaji kuongezwa ni hofu ya mtoto. Msichana wa siku hizo alijua kwamba asiyetahiriwa angechekwa na rika lake na pengine akose mume. Alijua vilevile kwamba aliyetahiriwa angemponza baba yake alipe faini. Nyumba na dola zilimwamuru mambo mawili yasiyopatana, na kila moja iliahidi kumwadhibu. Aliyejikata porini hakuwa mwendawazimu, wala hakuwa shujaa wa utaifa kama wengine walivyotaka awe. Alitafuta njia pekee ya kukua iliyokuwa imesalia, na aliilipia kwa mwili wake.

Miaka thelathini na mitano baadaye, usiku wa tarehe 13 Julai 1991, wavulana wa shule ya sekondari ya mchanganyiko ya St. Kizito, Tigania, walilivamia bweni la wasichana waliokataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana 19 walikufa, na 71 waliripotiwa kunajisiwa. Hakuna maelezo ya historia yanayoweza kupunguza hatia ya tendo hilo. Lakini neno lililotumiwa mara nyingi baada yake, utovu wa nidhamu, lilikuwa dogo mno. Magazeti ya wakati huo yaliripoti kwamba wavulana kuwaingilia wasichana kwa nguvu halikuwa jambo geni shuleni humo. Yaani, mamia ya vijana waliotahiriwa karibuni, ambao jando lilikuwa limewaambia kuwa sasa ni wanaume, waliwekwa katika ua mmoja na wasichana ambao watu wazima hawakuwalinda. Rika lilikuwapo, aliyekosekana ni wa kulifundisha.

Jaribio la kuirudisha sehemu hiyo ya mafunzo lilianza mwaka 1996 huko Gatunga, Tharaka, katika eneo lililokuwa zamani ndani ya Wilaya ya Meru. Familia zipatazo 30, zikisaidiwa na Maendeleo ya Wanawake, ziliwaweka binti zao unyagoni kwa siku kadhaa bila kisu. Mpango uliitwa Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno. Kisarufi, mtenda amerudi: kuna anayesema na kuna anayesikiliza. Kila msichana alikuwa na mwanamke wa kumwongoza, na wazazi walihudhuria sherehe ya kumtoa. Ambako mpango kama huo umepelekwa kama semina tu, pasipo baba wala bibi, msichana hurudi nyumbani na kukuta mabishano yaleyale ya 1929.

Kwa wavulana mambo yamekwenda kwa namna nyingine. Kwa miongo mingi katika Meru na Embu jando lilifungwa na likizo ya baada ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Mvulana alitahiriwa hospitalini au nyumbani, akakaa kibandani wiki chache chini ya vijana waliomzidi miaka miwili au mitatu, kisha akaenda bwenini. Wakati huo wa kibandani, ambao zamani ulisimamiwa na wazee, mara nyingi umeachiwa vijana hao na vipigo vyao. Mtihani huo wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Kalenda ya jando imepoteza nguzo iliyokuwa imeazima kutoka shuleni, na mzazi wa leo hana budi kuamua mwenyewe kama mwanawe ataingia kibandani amalizapo darasa la sita au la tisa, na ni nani atakayelala huko pamoja naye.