Rangi isiyoshika doa na ng'ombe wa Tennant

Mwisho wa mwaka 2025 ndio muda ambao kampuni ya 3M ya Marekani ilijiwekea kuacha kutengeneza kemikali za florini za jamii ya PFAS, zinazotumika pia kwenye rangi na dawa za kuzuia madoa. Ahadi hiyo ilitolewa Desemba 2022. Mji wetu wa Mwingi, Ukambani, unapaswa kuifuatilia kwa makini, kwa sababu nyumba zetu zinapambana na vumbi jekundu mwaka mzima, na mapaa tunayoyapaka rangi ndiyo hayohayo yanayotujazia matangi ya maji.

Pita kando ya barabara ya Garissa utazame maduka. Ukuta ni mweupe au wa krimu, lakini futi mbili tatu za chini zimepakwa maruni, kahawia au nyeusi. Mafundi wanajua kwamba mvua ya Novemba ikipiga udongo, tope litarukia ukutani na kuacha doa lisilotoka kwa sabuni. Wameamua kulificha. Wanakemia wa ng'ambo walitaka kitu kingine: uso ambao doa haliushiki kabisa.

Safari yao ilianza kwa bahati. Aprili 6, 1938, Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont, New Jersey, alifungua mtungi wa gesi na hakuna kilichotoka. Ndani alikuta unga mweupe wenye utelezi, ambao baadaye uliitwa Teflon. Mwaka 1953, katika maabara ya 3M, kemikali ya florini ilimwagikia kiatu cha msaidizi, na Patsy Sherman na Sam Smith wakaona kwamba pale ilipomwagika hapachafuki. Scotchgard ikaingia sokoni 1956. Kufikia 1965 kulikuwa na rangi ya PVDF ya mabati na paneli za majengo, iliyouzwa kwa jina la Kynar 500.

Nguvu ya vitu hivi iko kwenye kifungo cha kaboni na florini, miongoni mwa vifungo imara kabisa katika kemia. Kwenye dawa za kuzuia madoa ya vigae, zege na mawe, polima ya akriliki hufungiwa mikia ya kaboni iliyojaa florini. Mikia hiyo hujipanga kuelekea nje, maji yakajikunja kuwa matone, na hata mafuta yakashindwa kutandaa. Kwa miaka mingi mkia uliopendwa ulikuwa wa kaboni nane. Lakini kemikali zinazotoka kwenye mikia hiyo, jua na bakteria haviziwezi, na zikifika kwenye maji hubaki humo.

Florini yenyewe huchimbwa kutoka kwenye jiwe la floraiti, na Kenya inalo. Liligunduliwa Bonde la Kerio mwaka 1967. Kwa miongo kadhaa mgodi wa Kimwarer ulilisaga, ukalisafisha na kulisafirisha hadi bandari ya Mombasa, mpaka kazi iliposimama 2016. Inauma kwamba nchi iliyochimba jiwe hilo muda wote huo haikujijengea ujuzi wa kulifanya polima. Tuliuza jiwe, tukabaki wanunuzi wa kopo.

Kisa kinachomhusu mfugaji wa Ukambani kuliko vyote, hata hivyo, kilitokea Parkersburg, West Virginia. Nakifuata kama alivyokisimulia wakili Rob Bilott katika kitabu chake cha 2019. Mwaka 1998 alipigiwa simu na Wilbur Tennant, mfugaji ambaye ng'ombe wake walikuwa wakifa kwa wingi. Familia yake ilikuwa imeiuzia DuPont sehemu ya shamba, na kampuni ikafanya hapo jaa la taka zake. Kijito kilichopita karibu na jaa kilitoka povu, na mifugo walikunywa humo. Tennant hakupata wa kumsikiliza, basi akawapasua ng'ombe mwenyewe na kurekodi kwa video meno yaliyogeuka meusi na viungo vya ndani vyenye rangi zisizo za kawaida.

Jopo la madaktari wa mifugo walioteuliwa na DuPont na serikali likamrudishia lawama: chakula duni, matibabu hafifu, nzi wasiodhibitiwa. Mtu aliyefuga maisha yake yote akaambiwa hajui kufuga! Bilott hakukubali. Alidai nyaraka za kampuni, akapokea zaidi ya kurasa 110,000, na humo akakutana na PFOA, kemikali ya kaboni nane iliyotumika kutengeneza Teflon. DuPont ilikuwa ikiipata kutoka 3M tangu 1951.

Tennant alifariki 2009. Kufikia 2012 jopo huru la wanasayansi, lililotumia taarifa za watu wapatao 69,000, lilikuwa limehusisha PFOA na magonjwa sita, yakiwemo saratani ya figo na ya korodani. Mwaka 2017 kesi zaidi ya 3,500 zilimalizwa kwa dola milioni 671.

Dunia nayo ilikuwa ikichukua hatua. Mkataba wa Stockholm wa kudhibiti kemikali zisizooza, ambao Kenya iliuridhia 2004, uliiorodhesha PFOS, ndugu ya PFOA, mwaka 2009 na PFOA yenyewe 2019. Viwanda navyo vilihamia mkia wa kaboni sita, mfupi zaidi lakini nao hauozi.

Ni kweli kwamba mabati mengi ya rangi hupakwa poliesta, si PVDF yenye florini. PVDF ni ghali. Hilo halitoshi kututuliza, kwa sababu mnunuzi anayebeba kopo la kuzuia madoa hawezi kujua kilichomo kwa kusoma tu kwamba linafukuza maji. Kenya imekwisha kuweka kikomo cha madini ya risasi kwenye rangi, sehemu 90 kwa milioni. Kemikali za florini nazo ziandikwe kwenye kopo, tena kwa herufi kubwa pale rangi inapokusudiwa paa lenye gata linaloelekea kwenye tangi la kunywa.